Steringi Hafi: Jina na Sauti ya Mwigizaji Mkuu wa Kiume katika Filamu za Kiswahili, 1935–2021

1. Utangulizi

Katika mabanda ya video ya Afrika Mashariki limezaliwa neno ambalo wanakamusi hawakulishughulikia mapema, nalo ni steringi. Asili yake ni Kiingereza, lakini huko neno hilo halitaji mtu. Lataja kitendo cha kuongoza katika filamu. Watazamaji wa Kiswahili ndio waliolifanya nomino ya mtu, wakalipa wingi wa masteringi, kisha wakalitungia kanuni: steringi hafi. Akifa, basi ama filamu haijaisha, ama tulikosea kumtambua. Upande wetu wa Ziwa Tanganyika, huko Fizi na Baraka, ambako maneno ya shule na ya ofisi huja kwa njia ya Kifaransa, mtu huyohuyo huitwa akteri. Wenziwe katika filamu, hata wawe hodari namna gani, hawapewi jina hilo.

Makala haya yanakusudia kufuatilia historia ya steringi huyo katika filamu zilizowafikia Waswahili, kuanzia miaka ya 1930 hadi miaka ya 2020. Hatutaorodhesha waigizaji wote, wala hatutawazungumzia waigizaji wa kike, ambao historia yao yastahili makala yake yenyewe. Tutauliza maswali mawili tu kwa kila kipindi. Kwanza, ni nani aliyesema kwa niaba ya mwigizaji? Pili, jina lililobaki vinywani mwa watu ni lipi: la mtu mwenyewe au la mhusika aliyemwigiza? Hoja yetu ni kwamba maswali haya mawili huenda pamoja. Pale ambapo mwigizaji alinyimwa sauti yake, jina lake nalo lilipotea. Na pale alipoanza kusema mwenyewe, jina lilianza kumrudia, ijapokuwa si mara zote na si kwa faida yake.

Tunaandika tukiwa tumesimama Fizi, mahali ambapo hapana kiwanda cha filamu. Jambo hili si upungufu. Anayesimama ufukweni huona vyombo vinavyotoka pande zote.

2. Mtu asiye na jina: 1935–1960

Jaribio kubwa la kwanza la kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika wa sehemu hizi lilifanyika Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika, kati ya mwaka 1935 na 1937. Lilisimamiwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa msaada wa fedha kutoka shirika la Carnegie la Marekani. Filamu fupi zipatazo 35 zilitengenezwa, na zilitembezwa kwa gari Tanganyika, Kenya, Uganda, Rodesia ya Kaskazini na Nyasa. Waigizaji walikuwa Waafrika. Visa vilikuwa vya mafunzo: mmoja huzika fedha zake ardhini zikaibwa, mwingine huziweka katika benki ya posta zikasalimika. Maelezo yalinaswa katika sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo, ili yapigwe sambamba na picha.

Huu ndio mwanzo wa tatizo tunalolichunguza. Mwili wa mwigizaji ulikuwa kwenye kitambaa cheupe, na sauti ilikuwa kwenye santuri. Ukibadilisha santuri, mtu yuleyule husema lugha nyingine. Hakuhitajiwa kuwa fulani bin fulani. Alihitajiwa kuwa mfano wa mjinga au mfano wa mwerevu. Mwaka 1937 Notcutt na Latham walitoa kitabu kuhusu kazi yao, na majina yao yakaingia katika historia ya sinema. Wale waliozika fedha mbele ya kamera hawakupata bahati hiyo.

Katika Kongo ya Wabelgiji kazi hiyo ilichukuliwa kwa kiasi kikubwa na wamisionari Wakatoliki, hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Palikuwa na vituo Léopoldville, Luluabourg na Bukavu. Hiki cha Bukavu, kilichoitwa Africa-Films, kilikuwa mikononi mwa Mapadre Weupe, nacho ndicho kilichokuwa karibu zaidi na Fizi. Lakini waigizaji waliovuma walitoka Kasai. Padre Albert Van Haelst alitengeneza huko, katika miaka ya 1950, mfululizo wa vichekesho vya watu wawili, Matamata na Pilipili, mmoja mnene na mwingine mwembamba. Umaarufu wao ulidumu kiasi kwamba mwaka 1996 Tristan Bourlard aliwatengenezea filamu ya kumbukumbu. Tuzingatie majina. Pilipili ni neno ambalo Mswahili wa pwani na mtu wa Kasai wote hulielewa. Ni jina la kiungo cha mchuzi, na mtu aliyelivaa alitoweka ndani yake. Mtoto wa miaka ile alimjua Pilipili, lakini ni wachache walioweza kutaja jina ambalo wazazi wa mwigizaji huyo walimpa.

Sauti nayo haikuwa yake. Filamu za misheni zilionyeshwa vijijini huku mfafanuzi akisimama kando ya kitambaa, akieleza kwa lugha ya mahali yale yanayotendeka. Mfafanuzi hodari aliongeza methali, aliwataja watu wa kijiji, na pengine aligeuza maana yote ya kisa. Tutamkumbuka mtu huyu, kwa sababu atarudi miaka 40 baadaye akiwa na kipaza sauti.

Katika kipindi hiki lipo jina moja lililovunja kanuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika, ikishirikiana na kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg, ilitengeneza filamu za hadithi kwa Kiswahili, mojawapo ikiwa Muhogo Mchungu. Mwigizaji wake mkuu alikuwa karani kijana wa idara ya ustawi wa jamii, mzaliwa wa Songea mwaka 1926, aliyesoma Tabora: Rashidi Mfaume Kawawa. Filamu za aina hii zilipenda kisa cha mtu wa shamba anayeingia mjini na kukuta kwamba mji una meno. Kawawa alicheza mtu huyo kwa lugha ambayo watazamaji wake waliisema, na alibaki na jina lake. Mwaka 1955 alikuwa Katibu Mkuu wa kwanza wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika. Mwezi Januari 1962, Mwalimu Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu, Kawawa ndiye aliyeshika nafasi hiyo. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009. Haitakuwa sahihi kudai kwamba sinema ndiyo iliyompa madaraka, kwani vyama vya wafanyakazi vilifanya kazi kubwa zaidi. Hata hivyo, kabla hajahutubia mikutano, watu wa wilaya nyingi walikuwa wamekwisha kuiona sura yake.

3. Dola na steringi: 1961–1990

Baada ya uhuru, dola mpya zilirithi fikra kwamba filamu ni chombo cha kufundishia. Tanzania iliunda Kampuni ya Filamu mwaka 1968. Kutokana nayo, na kutokana na ushirikiano wake na wageni, zilipatikana filamu kama Fimbo ya Mnyonge, iliyohubiri kijiji cha ujamaa, na Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985. Idadi yake ilikuwa ndogo, na mwigizaji hakuweza kujijengea maisha ya kazi kwa filamu moja katika miaka kadhaa. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Kwa hiyo kipindi hiki kina waigizaji wa jukwaani na wa redio wengi, na steringi wa filamu karibu hakuna.

Fizi, katika miaka hiyohiyo, ilipitiwa na kisa ambacho kingefaa filamu. Mwezi Aprili 1965 Che Guevara na Wakuba wenzake walivuka ziwa kutoka Kigoma wakatua Kibamba, wakakaa katika milima yetu hadi Novemba. Wakati huo Kawawa, mwigizaji wa zamani, alikuwa Makamu wa Pili wa Rais wa nchi waliyotokea. Wakuba walipewa majina ya bandia kwa kufuata hesabu ya Kiswahili: Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na Che mwenyewe akawa Tatu. Lakini Steven Soderbergh alipotoa filamu yake Che mwaka 2008, yenye sehemu mbili ndefu, sehemu ya kwanza ilihusu Kuba na ya pili Bolivia. Benicio del Toro alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kiume huko Cannes kwa kazi hiyo. Miezi ya Fizi haikuigizwa. Mtu aliyeitwa Tatu bado hajapata steringi.

Katika Zaire ya wakati ule filamu ya hadithi iliyovuma kuliko zote ilikuwa La Vie est belle ya mwaka 1987, iliyoongozwa na Benoît Lamy na Mwezé Ngangura. Steringi alikuwa mwanamuziki Papa Wemba, aliyemwigiza Kourou, kijana wa kijijini anayeingia Kinshasa kutafuta bahati ya muziki. Msomaji ataona kuwa kisa ni kilekile cha mtu wa shamba na mji. Tofauti ni kwamba safari hii mji haumli, bali humfanya mwimbaji. Papa Wemba aliingia katika filamu akiwa na jina kubwa tayari, kwa hiyo Kourou hakuweza kulimeza. Alifariki jukwaani mjini Abidjan mwaka 2016 akiwa Papa Wemba.

Kwa sisi wanaisimu kuna jambo la kutafakari hapa. Ngangura alizaliwa Bukavu mwaka 1950, yaani ni mwana wa Kivu, mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya soko na ya mtaa. Hata hivyo shujaa wake anasema Kifaransa na Kilingala, kwa sababu hizo ndizo lugha za Kinshasa, ambako fedha, muziki na wanasinema vilikutana. Miaka 23 baadaye Riva wa filamu ya Viva Riva! ya Djo Munga (2010), aliyeigizwa na Patsha Bay, naye alisema lugha hizohizo. Mtoto wa Baraka aliyetaka kumsikia steringi akisema Kiswahili ilimbidi ageukie mashariki, ng'ambo ya ziwa.

Huko mashariki, jina la mhusika liliendelea kumeza jina la mtu. Mkenya Joseph Olita alimwigiza Idi Amin katika filamu ya Sharad Patel ya mwaka 1981, akamwigiza tena katika Mississippi Masala ya mwaka 1991, na hadi kufa kwake mwaka 2014 hakuweza kutenganishwa na dikteta huyo. Forest Whitaker wa Marekani alimwigiza Amin huyohuyo katika filamu ya mwaka 2006, akapata Oscar, kisha akaendelea na majukumu mengine. Tofauti haiko katika kipaji tu. Whitaker alikuwa na kiwanda nyuma yake chenye uwezo wa kumpa uso mwingine kesho. Olita hakuwa nacho.

Mfano wa karibu zaidi na lugha yetu ni wa televisheni. Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu. Wakenya walimjua kama Mzee Ojwang, mzee wa Kijaluo wa vipindi vya Vitimbi na Vioja Mahakamani, anayesema Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo. Katika kisa hiki jina la bandia lilikwenda pamoja na lafudhi ya bandia, na vyote viwili vikawa vya kweli kwa watazamaji.

4. Mfafanuzi anarudi: kanda za video

Katika miaka ya 1980 na 1990 kanda za video zilienea, na pamoja nazo mabanda ya kuonyeshea. Masteringi wa banda walikuwa wageni: Bruce Lee, Amitabh Bachchan, Sylvester Stallone, Arnold Schwarzenegger. Bruce Lee ndiye anayeonyesha vyema nguvu ya kanuni tuliyoanza nayo. Alifariki Julai 1973, kabla filamu yake kubwa ya Enter the Dragon haijaanza kuonyeshwa Marekani. Watazamaji wengi wa Afrika walimfahamu akiwa amekwisha kufa, na hawakuona sababu ya kuliacha jambo hilo liwakatizie mchezo.

Wageni hao walisema Kiingereza, Kihindi au Kichina. Ndipo mfafanuzi wa zamani alipozaliwa upya. Jijini Dar es Salaam mtu aliyejulikana kwa jina la Lufufu alitafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili: alipunguza sauti ya asili, akasema juu yake kwa kipaza sauti, akaeleza, akatania, akamwonya adui na kumsifu steringi, kisha kanda iliyonakiliwa ikauzwa na kukodishwa. Kenya ilimpata DJ Afro, na Uganda ikapata watafsiri wake kwa Kiganda. Kazi yao si tafsiri kwa maana inayofundishwa darasani. Ni masimulizi, na msimulizi ndiye mwenye mamlaka. Kwa saa mbili Schwarzenegger alikuwa Mswahili, ila sauti haikuwa yake. Hali ya santuri za Vugiri ilipinduliwa: zamani mwili ulikuwa wa Mwafrika na maneno ni ya mzungu aliyetunga, sasa mwili ni wa mzungu na maneno ni ya Mwafrika.

Kwa watu wa Fizi kipindi hiki kiliambatana na ukimbizi. Vita vya mwaka 1996 viliwavusha wengi hadi mkoa wa Kigoma, katika kambi za Lugufu na Nyarugusu. Kuanzia mwaka 2005 meli za kurudisha wakimbizi zilifanya safari kati ya Kigoma na Baraka. Waliorudi hawakurudi na mizigo tu. Kijana aliyeondoka akisema batoto na anasemaka alirudi akisema watoto na husema, pengine akivibadilisha kulingana na msikilizaji. Shule za kambini zilifuata mtaala wa Kongo na Kifaransa chake. Kiswahili cha upande ule kilipatikana sokoni, redioni na mbele ya video. Hatudai kwamba filamu peke yake ndiyo iliyobadilisha lugha, bali kwamba aliyekuwa akisema Kiswahili kile kwenye video alikuwa steringi, na watu huiga lugha ya mshindi.

5. Majuto na Kanumba: njia mbili za jina

Filamu za video za Kitanzania zilishamiri baada ya mwaka 2000. Zilipigwa kwa siku chache, zikanakiliwa kwa wingi, zikasafiri na wafanyabiashara hadi Bujumbura, Uvira, Baraka na Kalemie. Sasa, kwa mara ya kwanza, steringi wa Kiafrika alikuwa na mwili wake na sauti yake, kwa Kiswahili, katika filamu nyingi kwa mwaka. Waigizaji wawili wanawakilisha njia mbili tofauti za jina.

Wa kwanza ni Amri Athumani, aliyezaliwa Tanga mwaka 1948. Aliigiza tangu utotoni, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, na alikuwa amekwisha kupita umri wa miaka 50 soko la video lilipomfikia. Watu walimwita Mzee Majuto au King Majuto, na katika filamu aliitwa vivyo hivyo. Hakuna mpaka kati ya mhusika na mtu: Majuto ni yeye yule awe baba mkwe, mganga au mwenye nyumba. Jina hili latokana na kitenzi cha kujuta, na mtu mzima aliyelibeba aliwachekesha watu kwa miongo sita. Ila jina linaloweza kuuza kanda si lazima limlishe mwenye jina. Mwaka 2018, Majuto akiwa mgonjwa, suala la mikataba ya wasanii lilipewa uzito serikalini, na waziri aliyehusika na sanaa aliunda kamati ya kuichunguza. Majuto alifariki tarehe 8 Agosti mwaka huohuo katika hospitali ya Muhimbili.

Wa pili ni Steven Kanumba, aliyezaliwa Shinyanga mwaka 1984. Alijiunga na kundi la Kaole, lililokuwa likiigiza katika televisheni ya ITV, akatoka pamoja na rika la kina Vincent Kigosi, aliyeitwa Ray. Kanumba hakujificha nyuma ya mhusika. Alitumia jina la ukoo wake, akaliongezea sifa ya Kiingereza, The Great, na akalifanya kuwa jina la kampuni yake. Alishirikiana na waigizaji wa Naijeria, na filamu zake nyingi zilikuwa na anwani za Kiingereza ilhali mazungumzo ni ya Kiswahili. Wahakiki wengi waliliona hilo kuwa utumwa wa lugha. Tunadhani jambo lina upande wa pili. Anwani iliandikwa kwa ajili ya jalada, ambalo huonekana dukani Lagos au Nairobi. Mazungumzo yalikuwa kwa ajili ya nyumba za watu. Kanumba aliuza nje kwa Kiingereza na kukaa ndani kwa Kiswahili, na Kiswahili hicho ndicho kilichofika Fizi.

Alifariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na umri wa miaka 28. Umati mkubwa ulijaa katika viwanja vya Leaders, Kinondoni, kumuaga, na Makamu wa Rais, Mohamed Gharib Bilal, alihudhuria. Msiba huo ulivuka mpaka. Kilichokufa, kwa maoni yetu, hakikuwa kijana mmoja tu bali pia ile kanuni ya banda: steringi alikuwa amekufa kweli, na hapakuwa na kanda ya pili ya kueleza vinginevyo. Bruce Lee alikuwa mbali, na kifo chake kilikuwa uvumi. Kanumba alisema lugha ya waombolezaji wake, kwa hiyo walijua kwamba amekufa.

6. Mtu wa shamba anarudi mjini

Filamu mbili zaonyesha mahali tulipofika. Katika Nairobi Half Life (2012) ya David Gitonga, Joseph Wairimu anamwigiza Mwas, kijana wa kijijini anayeuza sidii za filamu za mapigano kwa kuziigiza mbele ya wateja, kisha anakwenda Nairobi ili awe mwigizaji. Humo wamo watu wetu wote: mtu wa shamba wa Muhogo Mchungu, Kourou anayetafuta jukwaa, na mfafanuzi anayewapa sauti masteringi wa kigeni. Lugha yake ni Kiswahili, Kikikuyu na Sheng, bila kuomba radhi. Wairimu alipata tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Durban mwaka huohuo.

Ya pili ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji (2021), iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi inayojulikana sana katika idara zetu. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Tanzania kuonyeshwa katika tamasha la Toronto. Gudrun Columbus Mwanyika anamwigiza Denge, mpigania uhuru wa Zanzibar ya miaka ya 1950, yaani miaka ileile ambamo serikali za kikoloni zilimtumia mwigizaji Mwafrika kuhubiri utii na uwekaji akiba.

7. Hitimisho

Tumeona steringi akianza bila jina na bila sauti, kisha akivaa jina la kiungo cha mchuzi, la dikteta au la majuto, na hatimaye akitumia jina lake mwenyewe. Safari hii haikufuata mstari mmoja. Kawawa alikuwa na jina lake mapema kuliko wote, na Majuto alilibeba la bandia hadi karne ya ishirini na moja. Lakini kila mara jina lilifuata sauti.

Kwa upande wa Fizi kazi bado ni nyingi. Kiswahili cha Kongo Mashariki kimemsikiliza steringi wa Dar es Salaam kwa miaka mingi bila yeye kuwahi kukisema. Wafafanuzi wa filamu za misheni wamekwisha kuzeeka au kufariki, na kanda za watafsiri zinaharibika kwa unyevu wa ziwa. Tunapendekeza wanafunzi wanaotafuta mada za kazi zao za mwisho wa masomo waanzie hapo: wawaulize wazee wa Baraka na Fizi ni nani aliyesimama kando ya kitambaa, alisema nini, na aliitwa nani. Swali la mwisho lisisahauliwe, kwa maana ndilo ambalo watengenezaji wa filamu wa mwaka 1935 hawakujali kuliuliza.